Mheshimiwa Amesusa Kula

Mume wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia, na tangu mwanetu alipokuwa shule ya msingi alifuga funza ndani ya nyumba yangu. Nasema nyumba yangu kwa sababu aliyekuwa akiipiga deki ni mimi. Yeye alikuwa akitoka chumba cha nyuma na vumbi la plasta kwenye nyusi na pumba za ngano kwenye mikono ya sweta, anakaa mezani, anauliza kuna nini cha kula, kana kwamba mtu aliyetoka kuchezea wadudu ana haki ya kuuliza swali kama hilo.

Si funza wa miguuni, jamani, msije mkamchafulia marehemu jina. Ni funza wa unga, wale wembamba wa rangi ya kahawia iliyopauka, wanaozuka kwenye gunia la pumba lililosahauliwa. Watu wengine wakiwaona wanatupa gunia. Mume wangu aliwanunulia kabati. Lilikuwa kabati la plastiki la droo, lile la kuwekea nguo za mtoto mchanga, na kila droo aliijaza pumba. Droo ya juu walikaa wazazi, yaani wadudu weusi ambao kazi yao ni kutaga tu. Chini yao watoto, wembamba kama uzi. Chini kabisa wakubwa wa kuliwa. Maji hawakunyweshwa, walipewa vipande vya karoti, na karoti iliyoanza kulegea aliitoa upesi isije ikaota ukungu. Mimi nikishikwa na homa niliambiwa ninywe maji mengi nilale.

Waliozidi aliwatia kwenye kopo tupu la siagi akawaweka kwenye friji, kwa sababu funza akipata baridi anasinzia na hageuki mdudu upesi. Friji yangu, mlango wa friji yangu, kati ya maziwa na mayai. Tuligombana kuhusu hilo kopo mpaka tukachoka, kisha tukazoeana nalo.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mjusi. Ni mjusi wa jangwani, mkubwa, urefu wake mkono mzima ukihesabu na mkia, ana miba pembeni mwa shingo na kidevu kinachovimba akiudhika. Mwanetu alimlilia dukani mpaka akanunuliwa, na kama ilivyo kawaida ya watoto, alimlea kwa majuma machache, kisha akamwachia baba yake. Tulimwita Mheshimiwa. Alikuwa analala kutwa chini ya taa yake ya joto, kidevu juu, macho nusu, na ukimsemesha anatikisa kichwa kukubali hoja ambayo hakuisikia.

Mimi na Mheshimiwa hatukuwa na urafiki. Nilimwonea wivu, na sioni aibu kulisema hilo. Kila alfajiri nilisikia godoro likiinuka upande wa mume wangu, miguu yake ikitafuta ndala kwenye sakafu, mlango wa chumba cha nyuma ukifungwa. Nilimsikia akivuta droo na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mabibi harusi wako wapi leo?" Mabibi harusi! Mke wake halali yuko kitandani, shuka limepoa upande mmoja, na bwana anawatafuta mabibi harusi kwenye pumba. Nilinuna mpaka chai. Yeye hakuwahi kujua nimenunia nini, na mimi sikuwahi kumwambia, kwa kuwa niliona anapaswa kujua mwenyewe.

Alifia kazini, juu ya stuli yake, mkononi ameshika taya la plasta la mteja. Daktari alisema moyo. Mwanetu alikuja. Yeye anafanya kazi kiwanda cha chupa kwenye mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na huko ruhusa hutolewa kwa kijiko. Alimzika baba yake, akanikumbatia mlangoni, akaondoka. Wageni nao wakaondoka, wakarudisha viti vya kuazima. Nikabaki mimi na jokofu linalonguruma, na ule mchakacho wa funza kwenye droo. Wanachakacha muda wote, mvua nyepesi isiyolowesha. Zamani nilikuwa siusikii kwa sababu mume wangu alikuwa na redio.

Ndipo Mheshimiwa akasusa kula.

Mwanzoni sikujali sana. Nilikuwa nikimtilia funza kwenye kisahani chake cha udongo, wakubwa, wanono, wale ambao ningekuwa mjusi ningewachagua mwenyewe. Alikuwa akimdaka mmoja, anakaa naye mdomoni, anafikiri, kisha anafumbua taratibu na funza anaanguka. Anamtazama akienda zake. Majani ya mchicha alikuwa akiyalamba tu, akayaacha. Ngozi ya ubavuni ikaanza kulegea, mkia ukakonda pale mwanzoni, macho yakaingia ndani. Funza nao, kwa kuwa hawaliwi, wakawa wanajigeukia wadudu na kutaga kwa raha zao, na mimi nikawa mlezi wa ukoo unaoongezeka kwa ajili ya mlaji asiyekula.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni muuguzi mstaafu, jengo zima linamwita Sindano, hata yeye mwenyewe akibisha hodi anasema, "Ni mimi Sindano." Alikuja kunitazama. Nikiwa natafuta vikombe, akafungua friji kwa uenyeji wake, akatoa kopo, akafunua.

Nilisikia kifuniko kikigonga sakafu.

"Dada! Siagi yako inatembea!"

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kilitoka na sauti nisiyoijua, mpaka Sindano akaniangalia kwa macho ya kazini. Nilimweleza habari ya kopo, nikampeleka chumba cha nyuma amwone na mwenye chakula. Alivaa miwani. Alimzunguka Mheshimiwa upande huu na upande huu, akanyoosha kidole akamgusa mgongo, akakirudisha haraka.

"Hajala tangu lini?"

"Tangu mwenyewe aondoke."

"Alikuwa analishwa na nani?"

"Na yeye. Kwa kibano, mkononi."

Sindano akavua miwani. "Dada, huyu haumwi. Huyu amefiwa."

Sijui kama naweza kueleza maneno hayo yalinifanyia nini. Watu walikuwa wamekuja nyumbani kwangu kwa wingi. Walisema pole, wakauliza choo kiko wapi, wakala, wakazungumza habari za bei na za watoto wao, na hayo yote ni haki yao, maisha yanaendelea. Lakini hakuna hata mmoja aliyekaa nikamwona ameshindwa kumeza. Na kumbe pale, ndani ya sanduku la kioo, yupo mmoja aliyeshindwa. Niliketi kwenye stuli ya mume wangu nikamwomba Mheshimiwa msamaha kwa miaka yote niliyomwita gogo.

Jioni mwanangu alipiga simu, kama alivyopiga kila jioni baada ya zamu.

"Shikamoo, mama. Mheshimiwa amekula?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akianza. Hakuwa akiuliza mengine. Nadhani baba yake alimkaa kooni, na mjusi alikuwa njia ya kupitia pembeni. Lakini mimi niliyesikia swali hilo kila jioni nilikuwa nimeanza kulichukia.

"Marahaba. Hajala," nikamwambia. "Jirani anasema anamwomboleza baba yako."

Nikamsikia mwanangu, mwanamume mwenye ndevu, anavuta kamasi.

"Anamsubiri," akasema. "Mama, anamsubiri baba. Mwisho wa mwezi naomba ruhusa nije. Lazima nije nimwone."

Niliweka simu mezani nikakaa nayo. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hasira, na zote mbili zilitaka kiti kimoja. Mama yake mzazi yupo peke yake, hakuna ruhusa. Mjusi akinuna, ruhusa inatafutwa. Hata hivyo kesho yake nilifua mapazia ya chumba chake, nikageuza godoro, nikapanguza mabango ya mpira aliyoyabandika ukutani utotoni. Siku hizo niliishi vizuri kidogo. Nilimpelekea Mheshimiwa habari: nani amepita, nani ameuliza kazi yake ya meno imefikia wapi, kumbe fundi hayupo tena. Alisikiliza na kidevu chake juu. Tulikuwa wawili kwenye jambo moja. Lakini alikuwa anakonda, na kila nikimnyanyua nilimhisi mwepesi zaidi, na hofu ikanipata kwamba atakufa kabla mwanangu hajaja, nami nitabaki na droo za funza wasio na kazi. Nilimbembeleza. Nilijaribu kuita kwa sauti ya marehemu. "Kula, mzee, kula kidogo tu, kwa ajili yangu." Alimdaka funza, akakaa naye, akamwachia.

Sasa niwaambie habari ya mkate.

Kwetu mkate wa kukatwa ulikuwa na utaratibu wake. Vile vipande viwili vya mwisho, vya huku na huku, vyenye ganda gumu upande mzima, vilikuwa vyake. Nisingeweza kuvigusa. "Hivyo niachie mimi, napenda vigumu," alikuwa akisema, anavitafuna kwa kelele ya makusudi. Nilimwona mchoyo. Baada ya yeye kuondoka, mfuko wa mkate ukawa unabaki na vile vipande viwili, siwezi kuvitupa na sina wa kumpa. Vikarundikana. Nikipika nashindwa kula, basi chakula changu kikawa chai na mkate, chai na mkate, na siku moja jioni ukawa umebaki ule mgumu tu. Nikasema potelea mbali, nikautafuna.

Meno yangu ya juu si yangu. Ni yake. Aliyatengeneza mwenyewe baada ya ufizi wangu kuoza, akanipimisha, akayachonga, akanipimisha tena, akanifanya niseme "sasa hivi sisi" mpaka nilipoacha kupiga mluzi. Ni mazuri kuliko niliyozaliwa nayo. Lakini ganda lile lilipoingia chini ya sahani ya meno na kubana ufizi, nilipiga ukelele nikiwa peke yangu jikoni. Niliyatoa, nikayatia kwenye glasi, nikalala bila kumaliza chai.

Alfajiri maumivu yaliniamsha. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, upande wake, nikipapasa ufizi kwa ulimi, na hapo ndipo kitu kiliponijia polepole. Alikuwa hapendi vigumu. Katika nyumba za watu, kwenye sherehe, nilimwona mara ngapi akichagua kipande laini cha katikati? Ni kwetu tu alipopenda vigumu. Alijua kinywa changu mpaka nyuma kabisa, alikuwa amekipima kwa nta, na miaka yote hiyo alinitolea ganda njiani bila kuniambia, maana angeniambia ningekataa kwa ubishi na kulila mwenyewe.

Nililia kidogo, bila meno, jambo ambalo si la kutazamwa na watu. Kisha nikajiuliza kitu ambacho mke wa fundi meno alitakiwa kujiuliza siku ya kwanza.

Nilikwenda chumba cha nyuma. Nikawasha taa ya meza yake. Mheshimiwa alikuwa bado hajaamka vizuri, hivyo hakupigana sana nilipomshika kidevu na kumfumbua mdomo kwa ncha ya kidole, kama nilivyomwona mume wangu akimfumbua mtoto wetu. Meno ya mbele yalikuwa yamelika yote. Pembeni ufizi umevimba, mwekundu. Mzee kabisa, maskini, naye hakuna wa kumpimisha na kumchongea. Na mimi muda wote nilikuwa namletea wale wakubwa, wenye gamba gumu kuliko wote, nikiona namheshimu.

Nikavuta droo ya chini. Nilichungulia pumba zile, funza wa kahawia wakipishana, na nilipozikoroga kwa kijiko kidogo cha mume wangu, nikamwona mmoja mweupe. Mweupe pepepe, amejivua gamba wakati huohuo, la zamani liko pembeni yake, tupu. Nilimgusa. Alikuwa laini kama punje ya wali. Nikajua mabibi harusi ni akina nani, na nikajua kwa nini walitafutwa alfajiri: wanapendeza kwa muda mfupi tu, jua likipanda wanakuwa wameshageuka kahawia na kukomaa. Nikatafuta mpaka macho yakauma. Nilipata wanne.

Nikamshika wa kwanza kwa kibano, nikampelekea.

Mheshimiwa hakufikiri. Ulimi ulitoka, funza akaenda. Alitafuna mara mbili, akameza, akanikodolea macho kudai mwingine. Akala wa pili, wa tatu, wa nne. Akakilamba kibano. Kisha akatikisa kichwa.

"Mnafiki mkubwa wewe," nikamwambia.

Ninawaambia ukweli, sikufurahi. Nilipaswa kufurahi, kiumbe alikuwa anakufa na sasa ataishi, lakini nilisimama pale na kibano changu nikihisi nimeachwa kwa mara ya pili. Hakuwa akimsubiri mtu. Hakuwa na msiba wowote. Nilikuwa nimekaa naye siku zote hizo nikidhani tunabeba mzigo mmoja, mimi huku yeye kule, na kumbe mwenzangu alikuwa anaumwa meno. Katika nyumba ile aliyefiwa alikuwa mmoja, na alikuwa amevaa gauni la kulalia na hana meno ya juu.

Kisha likaja lile la mwanangu. Kama Mheshimiwa amekula, ruhusa ya nini tena? Mapazia yale nimemfulia nani? Siku nzima nilizunguka na jambo hilo. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo sana, neno moja. Nilijaribu kulisema mbele ya sinki, kwa sauti ya huzuni: "Bado, mwanangu." Nikaona linakubali. Nikalirudia nikikunja nguo. Linakubali. Jioni nilikaa mezani, mbele yangu chai na mfuko wa vipande vigumu vya mkate, meno bado yako kwenye glasi, nikisubiri simu.

"Shikamoo, mama. Mheshimiwa amekula?"

Nilifungua mdomo niseme bado.

"Amekula," nikasema.

"Amekula?"

"Alikuwa anaumwa meno. Baba yako alikuwa anamchagulia wale laini, waliojivua gamba alfajiri. Mimi nilikuwa sijui. Leo nimemchagulia, amewala wote."

Nilisikia mashine za kiwandani nyuma yake, na mtu akimwita mwingine.

"Kwa hiyo alikuwa hamkumbuki baba," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Hapana, baba'ngu. Anayemkumbuka ni mimi. Nilimsingizia yeye."

Nikasubiri aseme sawa mama, vizuri amepona, tutazungumza kesho. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema usiku mwema. Mashine zikaacha kusikika, nadhani alikuwa amefunga mlango fulani.

"Mama, mbona unaongea hivyo? Meno yako wapi?"

"Kwenye glasi. Ufizi umeniuma."

"Na wewe umekula?"

Nilitazama meza. Sikuwa nimeulizwa swali hilo tangu alipofariki aliyekuwa akiniuliza, na sikujua kwamba nilikuwa nalisubiri mpaka lilipofika. Nikausogeza mfuko wa mkate pembeni.

"Mama?"

"Sijala," nikasema. "Siwezi kula, mwanangu. Nimejaribu."

Hakusema atakuja, wala hakusema haji. Ruhusa ya kiwandani si yake kuahidi, na mpaka leo ninaposimulia haya bado hajapewa. Alisema hivi:

"Kuna nini hapo mezani?"

"Chai. Na mkate, vile vipande vigumu vya baba yako."

"Uloweke kwenye chai mpaka ulainike. Usikate simu. Nakusubiri."

"Zamu yako je?"

"Nakusubiri, mama. Kula."

Niliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Nikachukua kipande kimoja, nikakizamisha kwenye kikombe, nikakishika pale mpaka ganda likaacha ubishi, kisha nikakila polepole kwa ufizi mtupu, naye huko aliko akinisikiliza.